Modeli ipi kwa mwamba wa mfinyanzi? Mohr-Coulomb, Cam Clay na nyinginezo bega kwa bega

Huko Bure, mashariki mwa Ufaransa, mita 490 chini ya mashamba, shirika la Andra, linaloshughulikia taka za nyuklia za Ufaransa, limechimba mahandaki ndani ya mwamba wa mfinyanzi wenye umri wa miaka milioni 160 hivi. Mkazo wa ardhi pale umepimwa. Wa wima ni megapaskali 12 hivi, wa mlalo ulio mdogo unakaribia huohuo, na wa mlalo ulio mkubwa ni kama 16. Sasa chimba handaki la duara linalofuata mwelekeo wa mkazo mkubwa. Linabanwa kwa 12 kutoka juu na 12 kutoka ubavuni, yaani sawasawa pande zote. Modeli, yaani kanuni za hesabu zinazoeleza mwamba utabonyea na kuvunjika vipi, ambayo wengi wetu tulifundishwa kwanza ni Mohr-Coulomb, nayo itajibu mara moja kwamba eneo litakaloharibika litakuwa pete, yenye unene uleule kila upande. Wakachimba, wakapima. Nyufa zilienea ubavuni, kulia na kushoto, umbali unaokaribia kipenyo cha handaki lenyewe, huku juu na chini zikiishia karibu. Kuta za ubavuni ndizo zilizosogeleana zaidi.

Vipimo vya mkazo vilikuwa sahihi, na hesabu nayo haikuwa na kosa. Ila modeli haikujua kwamba mwamba ule umelala kwa matabaka, na kwamba mwamba wa matabaka hauna nguvu moja kwa kila upande. Ndiyo sababu ya ulinganisho huu. Anayefungua programu ya kuhesabia anakuta orodha ndefu ya modeli, na mara nyingi huchagua ile anayoijua jina. Nataka tuzitazame zile zinazohusu miamba ya mfinyanzi yenye vinyweleo, yaani matundu madogo sana kati ya chembe, tuone kila moja inajua nini, imefumbia macho nini, na inadai vipimo gani.

Mifano mingi nitaitoa sehemu tatu: Bure, Mont Terri kule Uswisi, ambako utafiti ulianza mwaka 1996 pembeni mwa handaki la barabara kuu, na Mol nchini Ubelgiji, ambako maabara ya HADES ilianza kuchimbwa mwaka 1980, mita 225 hivi chini ya ardhi. Zote tatu zinachunguza kama taka za nyuklia zinaweza kuzikwa ndani ya mfinyanzi, kwa hiyo miamba yake imepimwa kwa subira ya miongo. Lakini jambo lenyewe si la Ulaya peke yake. Anayechimba msingi Changamwe au Miritini, Mombasa, anakutana na miamba ya tope ya Jurasi, enzi ileile iliyozaa mwamba wa Bure na wa Mont Terri.

Maji kwanza

Miamba hii mitatu haina tabia moja. Wa Mol ni mfinyanzi mgumu ambao bado unakatika kwa kisu. Karibu asilimia 39 ya ujazo wake ni vinyweleo. Wa Bure una asilimia 18 hivi, na wa Mont Terri kati ya 14 na 18. Lakini katika yote, vinyweleo vimejaa maji, na maji hayo hayana njia ya kutoka upesi.

Karl Terzaghi alionyesha mwaka 1925 kwamba udongo haubebi kwa chembe zake mzigo wote uliowekwa juu yake. Sehemu hubebwa na maji, na nguvu ya udongo hutokana na ile inayobaki, ambayo hapa nitaiita mkazo wa chembe. Maurice Biot akaunganisha mwaka 1941 kubanwa kwa chembe na kutiririka kwa maji katika hesabu moja. Katika nadharia yake kuna kizidishi kinachosema ni kiasi gani cha shinikizo la maji kitolewe kwenye mkazo wote. Mol kizidishi hicho ni 1 au karibu yake. Kule Bure vipimo vimetoa kati ya 0.6 na 1. Usidharau tofauti hiyo: shinikizo la maji kwenye kina kile ni megapaskali 4.7 hivi, kwa hiyo ukiandika 1 mahali pa 0.6, mkazo wa chembe unabadilika kwa karibu megapaskali 1.9. Hakuna modeli itakayokuja baadaye ikalifuta kosa hilo.

Swali la pili la maji ni muda. Chukua sampuli ya Mont Terri yenye urefu wa milimita 76, maji yakitokea juu na chini. Ukitumia upitishaji maji wa mita 2 gawanya kwa trilioni 10 kwa sekunde, na ugumu wa gigapaskali 2, utaona maji yanahitaji saa 10 hivi ili shinikizo litulie. Ukiikandamiza kwa dakika ishirini kama ungefanya kwa zege, umepima kitu kingine: mwamba ambao maji yake yamefungwa ndani, na hujui yana shinikizo gani. Ripoti nyingi hutaja nguvu ya mwamba bila kasi ya jaribio. Tarakimu ya namna hiyo usiiingize kwenye modeli yoyote kati ya hizi.

Mohr-Coulomb mkabala na Cam Clay

Mohr-Coulomb inatokana na wazo la Charles-Augustin de Coulomb la mwaka 1773, kwamba nguvu ya kukatika ni mshikamano pamoja na msuguano, likaja kutengenezwa na Otto Mohr mwaka 1900. Inataka vigezo vitano: mshikamano, pembe ya msuguano, pembe ya kutanuka (mwamba unavimba kiasi gani unapokatika), na viwili vya unyumbufu, yaani jinsi unavyobonyea na kurudi. Majaribio matatu mazuri ya mkazo wa pande tatu, ambamo sampuli hubanwa kando huku ikikandamizwa kutoka juu, yanaweza kukupa vyote. Kwa swali la “je, mteremko huu utaanguka?” maji yakiwa yametulia na shinikizo lake likijulikana, mimi sioni haja ya kwenda mbali zaidi.

Udhaifu wake unaanzia kwenye ujazo. Kwa Mohr-Coulomb, mwamba ukibanwa sawasawa pande zote haufikii kikomo kamwe. Unazidi kubanwa kinyumbufu, na ukiuachia unarudi wote. Mfinyanzi wenye vinyweleo haufanyi hivyo. Ukipita shinikizo fulani, vinyweleo vyenyewe vinaporomoka, na hasara hiyo hairudi. Na ikiwa wakati huo maji hayana pa kwenda, yanaupokea mzigo ambao chembe zimeuacha, mkazo wa chembe unashuka, na nguvu inashuka nao. Mohr-Coulomb haioni chochote katika hayo.

Cam Clay ilizaliwa kuyaona. Ken Roscoe, Andrew Schofield na Peter Wroth waliijenga Cambridge kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaipa jina la mto Cam. Roscoe na John Burland wakatoa mwaka 1968 toleo lililorekebishwa, ambalo ndilo linalotumika sana. Moyo wake ni duaradufu. Mhimili mmoja ni mkazo wa kubana pande zote, mwingine ni mkazo wa kukata. Ndani ya duaradufu mfinyanzi ni mnyumbufu; ukigusa ukingo unabadilika bila kurudi, na duaradufu inakua kama vinyweleo vinapungua au kusinyaa kama vinaongezeka. Mshindilio na nguvu vimekuwa kitu kimoja. Vigezo navyo ni vitano hivi, pamoja na kimoja kinachobeba historia: shinikizo kubwa kuliko yote ambalo mfinyanzi umewahi kulibeba.

Tofauti ya mbili hizi inaweza kuhesabiwa kwa karatasi. Chukua mfinyanzi laini ambao haujawahi kubanwa zaidi ya ulivyobanwa leo, uukate maji yakiwa yamefungwa. Ukitumia Mohr-Coulomb yenye vigezo vya mkazo wa chembe, nguvu ni nusu ya M mara shinikizo la mwanzo, M ikiwa kipimo cha msuguano. Cam Clay iliyorekebishwa inazidisha hiyo kwa nusu iliyopandishwa kipeo cha 0.8 hivi, ambayo ni 0.57. Yaani kwa mfinyanzi uleule na pembe ileile, modeli ya kwanza inakuahidi nguvu iliyozidi kwa karibu robo tatu.

Hili lilitokea kweli. Tarehe 20 Aprili 2004, shimo la reli lililokuwa likichimbwa katika tope laini la baharini kando ya Nicoll Highway, Singapore, liliporomoka, na watu wanne wakafa. Uchunguzi wa serikali ulitaja sababu zaidi ya moja, zikiwemo maungio dhaifu ya mihimili ya chuma, lakini moja ilikuwa hii hasa: hesabu zilitumia Mohr-Coulomb yenye vigezo vya mkazo wa chembe kwa mfinyanzi ambao maji yake yamefungwa, nguvu ikaonekana kubwa kuliko ilivyo, na ukuta ukaonekana utasogea kidogo kuliko ulivyosogea. Naomba anayefundisha somo hili asiache kuutaja mfano huo darasani.

Je, basi Cam Clay ndiyo ya kuchagua daima? Hapana. Duaradufu ile inaaminika upande wa mfinyanzi ulioshindiliwa kidogo. Kwa mfinyanzi uliowahi kubebeshwa mzigo mkubwa sana na baadaye ukapunguziwa, mara nyingi inazidisha nguvu, na mipasuko inayotokea pale kwa ghafla haiielezi vizuri. Tena inadhani mshikamano wote unatokana na kubanwa. Mwamba wa Bure una kalsiti, madini ya chokaa, ndani yake, na chembe zake zimeunganishwa na saruji ya asili. Nguvu hiyo haiko kwenye duaradufu ya kawaida. Kwa hiyo naiweka Cam Clay Mol, ambako pembe ya msuguano ni digrii 18 hivi na historia ya mzigo inasema mengi. Kule Bure siiweki bila nyongeza.

Na gharama yake uijue mapema. Kigezo cha historia kinatafutwa kwa edomita, ile pete ya chuma ambamo sampuli hubanwa bila kutanuka kando. Kwa mfinyanzi wa Mol unapaswa kuvuka megapaskali 6. Pete ya milimita 50 itadai kani ya kilonyutoni 12 karibu; kwa mkono wa wenzo unaozidisha mara kumi, hizo ni kilo 120 za vyuma vya kupakia. Kwa mwamba wa Mont Terri ni zaidi sana. Uliza maabara yako inafika wapi kabla ya kuahidi kutumia modeli hii.

Matabaka

Turudi Bure. Njia rahisi ya kuifundisha modeli kuhusu matabaka ni ya J. C. Jaeger, ya mwaka 1960. Unaacha Mohr-Coulomb kwa mwamba wenyewe, kisha unaongeza bapa dhaifu lenye mshikamano wake na msuguano wake, likielekea upande wa matabaka. Mzigo ukiwa wima na matabaka yamelala, bapa halina neno, mwamba unabeba. Matabaka yakisimama kwa digrii 30 hivi kutoka mwelekeo wa mzigo, yanateleza, na nguvu inashuka sana. Programu nyingi za uhandisi wa miamba zina modeli ya namna hii.

Unyumbufu nao una pande. Mwamba wa Mont Terri ni mgumu zaidi ukibanwa sambamba na matabaka kuliko ukibanwa juu yake. Badala ya vigezo viwili vya unyumbufu sasa unahitaji vitano.

Kuvipata kunadai sampuli zilizotobolewa kwa angalau pande tatu, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, tena kabla modeli haijaguswa. Mwamba huu ukikauka unapasuka kwenye matabaka yake. Hewa yenye unyevu wa asilimia 90 tu huyavuta maji ya vinyweleo kwa megapaskali 14. Hewa ya chumba yenye asilimia 50 huyavuta kwa zaidi ya 90. Hakuna jeki utakayoiwekea sampuli yenye ukatili kama ule wa kuiacha juu ya meza mchana mmoja. Ifunge kwa plastiki na nta palepale inapotoka, iwe na mkandamizo kidogo, isikae.

Kati ya nyongeza zote unazoweza kuinunulia modeli ya mwamba wa mfinyanzi mgumu, hii ya matabaka ndiyo ningeilipia kwanza. Hoek-Brown, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ya neno “mwamba,” haitoi msaada hapa. Evert Hoek na E. T. Brown waliitoa mwaka 1980 kwa miamba iliyokatwakatwa na nyufa za pande nyingi hadi ikawa kama haina upande. Hoek mwenyewe ameonya isitumike pale ambapo mwelekeo mmoja wa udhaifu ndio unaotawala.

Kuna mtego mmoja uliojificha. Mwamba huu ukivunjika unalainika, na mgeuko wote unakusanyika kwenye ukanda mwembamba. Kwenye kompyuta ukanda huo huchukua upana wa jicho moja la wavu wako wa hesabu. Ukifanya wavu kuwa laini zaidi, ukanda unakuwa mwembamba zaidi, na jibu linabadilika bila mwamba kubadilika. Watafiti wa Grenoble na Liège wametibu hili kwa kuipa modeli urefu wa ndani, ili ukanda uwe na upana wake usiotegemea wavu, na kwa njia hiyo wakalipata lile umbo la nyufa za Bure. Kama programu yako haina tiba ya namna hiyo, piga hesabu kwa nyavu tatu tofauti na uonyeshe majibu yote matatu.

Miaka mia, joto, na ukavu

Sheria ya Ufaransa inataka ghala la taka liweze kufunguliwa tena kwa muda usiopungua miaka 100. Kuta zinazosogea polepole mwaka hadi mwaka ni swali halali pale, na modeli zinazoingiza muda, kama za ukoo wa Perzyna wa mwaka 1966, zina kazi. Lakini tahadhari. Kuchelewa si lazima kuwe ni mwamba unaojongea wenyewe. Miteremko ya reli iliyokatwa kwenye mfinyanzi wa London ilisimama miongo kadhaa ndipo ikaanguka. Sehemu kubwa ya siri ilikuwa maji: kukata kuliupunguzia mfinyanzi mzigo, shinikizo la maji likashuka, na kwa miaka mingi likawa linarudi juu taratibu, likila mkazo wa chembe. Ukimpa mtu mchoro wa kusogea kwa kuta peke yake, ataweza kuulinganisha na modeli ya muda na akapata mstari mzuri, huku kisababishi kikiwa kingine kabisa. Usinunue modeli ya muda kabla hujaisha kuhesabu maji.

Joto nalo linarudi kwenye maji. Mol waliwasha hita kubwa mwezi Novemba 2014, wakalenga digrii 80 kwenye ukuta wa mfinyanzi. Maji hutanuka kwa joto kuliko chembe, hayana pa kutokea, shinikizo linapanda. Kama kuna chanzo cha joto, chagua programu inayounganisha joto, maji na mkazo. Modeli ya mwamba yenyewe inaweza kubaki ya kawaida.

Na pale ambapo vinyweleo vina hewa pia? Modeli ya Barcelona ya Alonso, Gens na Josa, ya mwaka 1990, iliichukua Cam Clay ikaongeza mfyonzo, yaani nguvu ambayo ukavu huyavuta maji ya vinyweleo, kama mhimili wa tatu: mfinyanzi ukikauka unakuwa mgumu, ukilowana chini ya mzigo unaweza kuporomoka. Ni kazi nzuri sana. Hata hivyo, kwa mtu anayejenga juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kila masika na kupasuka kila kiangazi, siipendekezi kama hatua ya kwanza. Kwa uvimbaji wa namna hiyo waandishi walewale wa Barcelona ilibidi waitanue modeli yao, vigezo vikaongezeka, na kila kigezo cha mfyonzo huchukua wiki za maabara. Jaribio la kuvimba kwenye edomita, likifanywa kwa mzigo halisi wa jengo, litamfaa zaidi.

Ningechagua hivi

Mteremko au ukuta wenye maji yaliyotulia: Mohr-Coulomb, na pembe ya kutanuka iwe sifuri au karibu yake, maana ukiiacha kubwa mwamba wa kwenye kompyuta unatanuka bila mwisho. Mfinyanzi laini au mgumu kiasi unaopakiwa mzigo haraka: Cam Clay iliyorekebishwa, na kama huna vipimo vyake, tumia nguvu ya kukatika iliyopimwa moja kwa moja maji yakiwa yamefungwa, usiikisie kutoka pembe ya msuguano. Handaki au kisima katika mwamba wa matabaka: bapa dhaifu la Jaeger pamoja na unyumbufu wa pande mbili, hata kama vigezo vingine itabidi vikadiriwe. Kukadiria nguvu ya matabaka kwa uangalifu ni afadhali kuliko kudai hayapo.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kuchora handaki zima, iendeshe modeli kwenye elementi moja tu, yaani jicho moja la wavu, na uirudie ile sampuli uliyoipima: mkazo uleule, kasi ileile, maji yakiwa yamefungwa au yameachiwa vilevile. Weka mstari wa kompyuta juu ya mstari wa maabara. Ukiona shinikizo la maji linapanda maabara na kushuka kwenye kompyuta, rudi ulikotoka.

Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu zaidi, acha leseni ya programu kubwa na ununue vipima shinikizo la maji, uvifunge kwenye mwamba miezi kadhaa kabla ya kuanza kuchimba. Katika mfinyanzi huchukua muda mrefu kutulia baada ya kufungwa. Vikifungwa siku ya kuchimba, vitakuwa bado vinasoma usumbufu wa tundu lao wenyewe.